MAZUNGUMZO YA SHAMBANI: Muhogo Uvumiliao Jua

Mwezi uliopita tuliahidi kunena habari za kuku, lakini kuku watangoja, kwa kuwa tumeulizwa swali ambalo hatukuweza kuliacha lilale.

Yuko bibi mmoja jirani yetu, mjane, mwenye wajukuu wanne nyumbani mwake, na watatu kati yao wanasoma. Bibi huyu ana kipande cha shamba upande wa Makunduchi alichorithi kwa mamaye, nalo ni shamba la uwanda, yaani mawe ya matumbawe yenye udongo kidogo ndani ya mashimo yake. Humo hupanda muhogo, na muhogo huo ndio uilishao nyumba yake miezi ile ambayo fedha hazionekani. Basi alikuja barazani kwetu jioni moja. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, wanangu," akaketi, asitake hata chai. Akasema: "Nyinyi mwaandika gazetini. Nitajieni jina la muhogo usiokufa kwa jua. Jina moja tu. Nitang'oa wote nilio nao, nipande huo."

Tulipomwuliza sababu, akatueleza kwamba vuli ilimdanganya. Ilinyesha siku tatu, akapanda. Kisha mbingu zikafunga, na pingili zake, zaidi ya nusu, zikakauka ardhini kama kuni. Mpwa wake anayelima Mfenesini amemwambia kwamba yeye ana muhogo mpya usiojali jua, naye atamwuzia mizigo miwili. Fedha za mizigo hiyo miwili bibi anazo, lakini hana nyingine.

Twakiri kwamba hatukumjibu siku ile. Mtu akikuuliza jina la kitabu ukakosea, hasara ni ndogo. Bali hapa tukikosea, watoto wanne watalala njaa mwakani. Tukamwomba atupe muda. Tukaenda kuwauliza mabwana shamba, tukasoma tulichoweza kusoma, tukaenda pia Makunduchi na Mfenesini kuyaona mashamba yote mawili kwa macho yetu. Haya tuyaandikayo ndiyo tuliyomjibu, nasi twayaandika hapa kwa sababu twajua kwamba wengi wenu mna swali hilo hilo moyoni.

Kwanza yafaa tujue ukame ni nini katika kisiwa chetu. Mgeni akisikia kwamba Unguja hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka upande wa mjini na magharibi, atacheka akisikia mtu analia jua. Lakini mvua hiyo haiji kwa mpango. Nyingi yake humwagika katika masika, kuanzia Machi hata Mei. Nyingine huja katika vuli, kuanzia Oktoba hata Disemba, na vuli ni ndugu asiyeaminika. Mwaka 2021 vuli ilikuwa haba mno katika pwani yetu ya kaskazini, na mwaka 2022 ikarudia, hata wenzetu wa Dar es Salaam wakagawiwa maji kwa zamu kwa kuwa mto Ruvu ulikuwa umepungua. Baada ya vuli huja kaskazi na jua lake la Januari na Februari, nanyi mwalijua jua hilo.

Tena ardhi zetu hazifanani. Udongo wa kinongo, ule mwekundu wenye kina, ambao mikarafuu huupenda, hunywa maji na kuyaweka. Kinamo cha mabondeni, kama kule Cheju kwenye mpunga, hushika maji hata mtu akazama mguu. Kichanga huyapitisha. Na uwanda, yaani maweni, hauna pa kuyaweka kabisa: maji hushuka katika nyufa za mawe, siku ya tatu shimo limekauka. Kwa hiyo majuma matatu bila mvua ni jambo dogo Mfenesini, lakini Makunduchi ni ukame. Mtu asemaye, "Muhogo wangu hauogopi jua," hana budi kuulizwa kwanza, "Umesimama wapi?"

Sasa tuje kwenye mimea yenyewe. Mabingwa wa kilimo husema kwamba mimea haishindani na jua kwa njia moja. Mmoja hulikimbia, mwingine hujificha, na mwingine hupigwa akastahimili. Watu husema tu kwamba mbegu fulani "yavumilia jua", wakayachanganya yote matatu, na hapo ndipo mkulima anapoponzwa.

Wa kukimbia ni ule ukomaao upesi. Katika mpunga, mbegu ndefu zenye harufu nzuri, kama Supa tuipendayo sisi sote siku za harusi, hukaa shambani miezi minne au zaidi. Mvua ikikatika wakati wa kuchanua, mkulima huvuna mapepe. Katika miaka ya 1990, bingwa mmoja wa Sierra Leone aitwaye Monty Jones, akifanya kazi Côte d'Ivoire, aliuchanganya mpunga wa Asia na mpunga wa asili wa Afrika Magharibi, akapata jamii ya mpunga iitwayo NERICA, na kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya chakula ya dunia mwaka 2004. Baadhi ya mbegu hizo hukomaa kwa muda wa miezi mitatu na zaidi kidogo, nazo zimefika hata visiwani kwetu. Hazikai shambani kulingoja jua, hulitangulia. Lakini msidhani kwamba ni faida tupu. Mwaka wa mvua nyingi, mbegu ya muda mrefu yaweza kuishinda ile ya upesi. Tena shamba moja likikomaa peke yake mapema, ndege wote wa bonde hulifanya ndilo meza yao. Mwalimu mmoja rafiki yetu aliwahi kukaa majuma mawili akipiga debe toka alfajiri, hata akapoteza sauti, na wanafunzi wakamfurahia sana.

Mahindi nayo hufanya hivyo. Katika miaka ya 1960, kule Katumani karibu na Machakos, wakulima wa Ukambani walipatiwa mahindi mafupi yakomaayo mapema, nayo huitwa Katumani hata leo. Lakini mahindi yana udhaifu mwingine wa ajabu ambao yafaa walimu waujue. Mbelewele, yaani unga wa kiume, hutoka juu ya mmea. Ndevu, ambazo ndizo za kike, hutoka kwenye gunzi. Jua likipiga wakati huo, mbelewele hutoka kwa siku yake kama kawaida, bali ndevu huchelewa, na zikichelewa mno hukuta unga umekwisha peperuka. Ndipo mtu amenyapo hindi akalikuta kibogoyo. Mabingwa wa Meksiko, tangu miaka ya 1970, walitambua kwamba aina za mahindi hazilingani katika kuchelewa huko, wakawa wakichagua ile ambayo ndevu zake hufuatana na mbelewele hata katika jua kali. Basi ukienda katika shamba la mahindi siku za kuchanua, hesabu siku zilizo kati ya mbelewele na ndevu; utajifunza zaidi kuliko kuutazama urefu wa mmea.

Mtama, ambao wazee wa Makunduchi waliupanda maweni tangu zamani, hukunja majani yake, hulala, ukangoja. Mvua ikirudi, huamka. Mahindi yakilala namna hiyo hayaamki.

Na muhogo? Muhogo una njia yake, nayo ndiyo iliyoufanya kuwa rafiki wa maskini tangu Wareno walipouleta Afrika kutoka Amerika ya Kusini. Hewa ikikauka, muhogo hufunga mapema vile vitundu vidogo mno vya majani ambamo maji hupotea, kabla hata udongo haujakauka sana. Kisha huangusha majani yaliyo chini, hubaki na machache juu, na ukuaji wake husimama. Mtazamaji husema umekufa, kumbe umefunga duka tu. Wanga wake uko chini katika mizizi, umehifadhiwa; mvua ikinyesha, huutumia kidogo kutoa majani mapya, ukaendelea. Wala hauna juma moja la hatari kama mahindi yalivyo na siku za ndevu. Ndiyo maana mwaka 1942, Wajapani walipoitwaa Burma na mchele wa huko ukakoma kuja, muhogo ndio uliozishikilia nyumba nyingi za Unguja. Mama yake bibi yetu alikuwa msichana wakati huo, na shamba hili la Makunduchi ndilo lililowalisha. Bibi alituambia hivyo akiwa amesimama katikati ya mawe, nasi tukafahamu kwa nini halisemi shamba lile kama mtu asemavyo mali.

Lakini sikilizeni vema. Uvumilivu huo wote ni wa muhogo uliokwisha kushika. Miezi miwili mitatu ya kwanza, pingili haina mizizi ya kutosha, wala haina ghala chini; inaishi kwa akiba iliyo ndani ya kijiti chenyewe. Hapo muhogo wa jina lolote, wa zamani au wa kisasa, hufa kama mche wa mchicha. Basi tukamwuliza bibi, "Pingili zile zilizokauka, ulizikata lini?" Akafikiri, akasema alizikata katikati ya Septemba, akaziweka juani nyuma ya nyumba, kwa kuwa alitumaini mvua ya mapema. Mvua ikaja mwishoni mwa Oktoba. Tukatazamana. Maana sisi wenyewe katika vuli ile ya 2021 tulifanya kosa hilo hilo katika bustani yetu ndogo, tukaulaumu muhogo mwaka mzima, hata mzee mmoja alipoichana pingili moja kwa kisu akatuonyesha kwamba ndani ilikuwa kavu tangu siku tuliyoipanda. Pingili nzuri, ukiichana, hutoa utomvu mweupe mara moja. Isipotoa, usijisumbue kuchimba shimo.

Kwa hiyo nusu ya msiba wa bibi haikutoka katika aina ya muhogo. Mashina ya kupandwa yakatwe marefu, yasimamishwe kivulini chini ya mwembe, shina lake likigusa udongo wenye unyevu. Yakatwe pingili siku ya kupanda, kila moja kiasi cha shubiri moja au zaidi kidogo, yenye macho matano au saba. Lichukuliwe shina lililokomaa, si ncha laini ya juu, wala si kigogo cha chini kilichokuwa gome tupu. Hayo hayahitaji fedha.

Nusu ya pili ndiyo ihusuyo aina, na hapa mambo ni mazito kidogo.

Bibi alitaka jina. Lakini jina la muhogo ni kitu cha kuponyoka mkononi. Wasomaji watuwie radhi tukizunguka hata milima ya Usambara, maana jambo hili lilianza huko. Kule Amani, katika kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wadachi mwaka 1902, bwana mmoja Mwingereza aitwaye Storey aliandika mwaka 1936 habari za ugonjwa uliokuwa ukiozesha muhogo wa pwani, ambao sasa twauita michirizi ya kahawia. Ugonjwa wa batobato, ule ukunjao majani na kuyatia madoa ya manjano, ulikuwa umekwisha andikwa na Mdachi Warburg mwaka 1894. Storey na mwenzake Nichols walitafuta muhogo wa kuyashinda maradhi hayo katika aina zote za muhogo walizoweza kuzikusanya, wasiridhike. Wakauchanganya muhogo na ndugu yake wa porini, mti wa mpira wa Ceará, kisha wakawarudisha wale chotara kwenye muhogo mara kadhaa hata mizizi ikawa ya kulika. Kazi hiyo ikaendelezwa na Jennings katika miaka ya 1950. Chotara mmoja wa Amani alifika pwani ya Kenya, wakulima wakamwita Kaleso. Na kusini mwa Tanzania kuna muhogo wa zamani, watu wanaupenda, wanauita Namikonga, na wengi walidhani ni wa kienyeji. Mabingwa walipokuja kuchunguza urithi wake katika miaka yetu hii, wakaona kwamba Kaleso na Namikonga ni muhogo mmoja! Majina mawili, nchi mbili, mti mmoja. Na kinyume chake hutokea kila siku: jina moja likatajwa sokoni Mwanakwerekwe na Darajani, kumbe ni miti miwili mbalimbali.

Mtauliza, maradhi yana nini na jua? Yana mengi. Nguvu kubwa ya muhogo wakati wa njaa ni kungoja ardhini. Mchele ukiisha ghalani umeisha, lakini muhogo wa mwaka mmoja waweza kuuacha miezi mingine, ukachimba kidogo kidogo kwa kadiri ya haja. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia huiharibu nguvu hiyo hasa. Majani juu huonekana mazuri, mkulima hujisifu. Akichimba, hukuta mizizi ina mabaka magumu ya kahawia kama kizibo cha chupa, haifai hata kwa mbuzi. Na kadiri anavyoungojesha, ndivyo unavyozidi kuharibika. Muhogo usiokufa kwa jua lakini usioweza kungoja ni sawa na benki yenye mlango mzuri na sanduku tupu. Inzi weupe waenezao ugonjwa huo hupenda siku za joto, nao mkulima huwasaidia anapomgawia jirani pingili zenye ugonjwa, kwa moyo mwema kabisa.

Katika miaka ya 2000 kituo cha utafiti wa kilimo cha Kizimbani kiliwapa wakulima wa visiwani aina nne, nazo ni Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Zilichaguliwa hasa kwa kuyastahimili maradhi hayo na kwa mavuno yake. Bara, pwani, hutajwa sana Kiroba. Tulipoliona shamba la mpwa wake bibi kule Mfenesini, tuliona muhogo mzuri wa kweli, wenye afya, nasi hatukumshuku kijana kwamba anamdanganya shangaziye. Yeye ameuona muhogo wake ukipita jua bila kuyumba, na asema alichokiona. Lakini alisimama katika kinongo. Tulichimba shimo kando ya tuta lake; tulikwenda chini hata bega halikuonekana, na udongo ulikuwa bado mbichi. Katika udongo wa namna hiyo mizizi ya muhogo yaweza kushuka hata kupita mita mbili kuyafuata maji. Kule Makunduchi jembe halitumiki, hupandwa kwa muo, na baada ya shubiri mbili muo hulia juu ya jiwe. Muhogo ulioshinda jua kwa kuzamisha mizizi, utazamisha nini katika jiwe?

Kule uwandani hutakiwa muhogo ujuao kujificha na kustahimili. Tena liko jambo ambalo mabingwa wa kituo cha Cali, katika nchi ya Colombia, wameliona kwa miaka mingi: katika jua la kadiri, aina zishikazo majani yake kwa muda mrefu huelekea kuvunwa zaidi kuliko zile zivuazo nguo zote mara moja. Hiki ni kipimo ambacho mtu yeyote aweza kukitumia, hata asiyejua kusoma. Mwende shambani mwishoni mwa Februari, jua likiwa limefanya kazi yake yote, mtazame ni mche upi bado una kilemba kichwani. Mfunge utepe. Kisha wakati wa kuvuna mtazame mizizi ya mche ule ule uliofungwa utepe. Bibi tulipomwambia hivyo akacheka, akasema kwamba mamaye alikuwa akifunga majani ya ukindu katika miche ya namna hiyo, naye alidhani ni mazoea tu ya wazee. Tulitembea naye katika shamba lake la zamani, lile alilotaka kuling'oa. Katika miche iliyopandwa masika yaliyotangulia tukaona kumi na mmoja yenye majani mazuri, na karibu yote ilikuwa ya aina moja, yenye vikonyo vyekundu. Jina lake hakulijua. "Twaita muhogo wa mama," akasema.

Hatuna budi kusema neno la tahadhari, maana ni la uhai. Jua likizidi, sumu iliyo katika muhogo, iitwayo sianidi, huongezeka pia. Muhogo uliokuwa mtamu waweza kuwa na uchungu, na ule mchungu ukazidi uchungu. Mwaka 1981, katika ukame mkubwa kaskazini ya Msumbiji, upande wa Nampula, zaidi ya watu elfu moja, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu katika muda mfupi, nao hawakupona. Walikuwa hawana chakula ila muhogo mchungu, na kwa haraka ya njaa hawakuungoja ukauke na kutoka sumu. Ugonjwa huo huitwa konzo, nalo ni neno la Kongo, ambako daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Na mwaka 1985 ulionekana Tarime, katika nchi yetu wenyewe. Kwa hiyo mama akimwona mtoto anatafuna muhogo mbichi shambani wakati wa ukame, amnyang'anye, hata akilia. Muhogo wenye uchungu usichemshwe tu ukaliwa. Umenywe, ulowekwe siku tatu hata ulainike, kisha uanikwe; au ukunwe, ukamuliwe, ukauke vema. Kuukata makopa makubwa na kuyaanika siku moja hakutoshi. Na kitoweo kisikosekane, hata dagaa kidogo au kunde, kwa kuwa mwili huhitaji chakula cha namna hiyo ili kuishinda sumu. Aina tamu zina sumu ndogo, na hiyo ni sababu njema ya kuzipenda. Lakini wako wakulima wapandao ile chungu makusudi, kwa kuwa nguruwe na panya, na hata wezi, huiacha. Hatuwalaumu. Twawaomba tu waitenge mbali na njia wapitayo watoto.

Sasa ninyi walimu. Wengi wenu mna bustani ya shule, na mwaka hadi mwaka hupandwa mchicha wa kumfurahisha mkaguzi. Mwaka huu jaribuni jambo hili. Tafuteni aina nne za muhogo katika mtaa wenu. Pandeni kila aina safu tatu, lakini safu za aina moja zisikae pamoja. Zichanganyeni, moja huku, moja kule. Siku moja, urefu mmoja wa pingili, nafasi moja. Twasema hivyo kwa sababu mwenzetu mmoja aliwahi kutusifia muhogo wake kwa miaka miwili, kumbe safu yake ilipita kando ya shimo la maji ya kuoshea vyombo. Watoto wahesabu baada ya miezi miwili ni miche mingapi iliyo hai. Mwishoni mwa kaskazi wahesabu majani. Wakati wa kuvuna wapime uzito kwa mizani, kisha waikate mizizi na kutafuta mabaka ya kahawia. Hesabu hizo ziandikwe daftarini, pamoja na siku zilizonyesha mvua. Daftari la miaka mitatu la shule moja ya Makunduchi lingetufaa kuliko maneno mengi ya barazani, yetu yakiwamo.

Tulirudi kwa bibi siku ya Jumamosi. Tukamwambia kwamba jina aliloomba hatuna, tukamweleza sababu, naye akasikiliza kwa uvumilivu zaidi kuliko tulivyostahili. Tukamshauri asing'oe muhogo wa mamaye. Anunue mzigo mmoja wa mpwa wake badala ya miwili, akauchague mwenyewe katika miche isiyo na batobato, na kabla ya kulipa aombe mizizi mitatu ya shamba hilo ichimbwe na kukatwa mbele yake. Aupande katika yale mashimo yenye udongo mwingi, karibu na mbuyu. Katika mawe makavu apande pingili za miche yake kumi na mmoja. Fedha zilizobaki azishike kwa ajili ya kunde, azipande katikati ya muhogo mvua za masika zikishika.

Akatuuliza, "Na masika yakikataa?"

Tukasema asipande pingili zote kwa mvua moja. Apande theluthi kwanza, na mashina mengine ayasimamishe kivulini kwa muda, angoje mvua ya pili.

"Na mpwa wangu akikasirika?"

Hilo hatukuwa na jibu lake. Bali alikwisha kulipata mwenyewe, maana alituambia kwamba atampelekea kijana huyo pingili sita za muhogo wa mama, ili naye aujaribu katika kinongo chake. Kaskazi ijayo tutakwenda tena Makunduchi na utepe wetu, nasi tutawaandikia tulichokiona. Habari za kuku ni mwezi ujao.